Mhadhara Mkuu wa Kuibana Nyumba Isivuje Joto, kwa Manufaa ya Wakazi wa Kitshanga

Waheshimiwa mliopata viti, nanyi mnaostahili heshima ileile ingawa mmesimama. Wajumbe wa Mwami mtawala wetu wa jadi, wakuu wa mitaa, nyumbakumi, akina mama wa sokoni, vijana wa chukudu mlioegesha vigari vyenu vya mbao mlangoni na kuwazibia wenzenu njia: poleni na baridi, na karibuni kwenye elimu. Leo mnahutubiwa na mtaalamu wa majengo na nishati. Cheo hicho msemaji amejitunuku mwenyewe, baada ya kutafakari kwa kina na kutoona katika Kivu nzima chuo chenye ngazi ya kumtunuku, na jambo hilo lisimkoseshe mtu usingizi, kwa sababu joto halijali vyeti: hutoka ndani kwenda nje kwa profesa na kwa mchunga ng'ombe kwa kasi moja. Mada ya leo, kama ilivyoandikwa kwenye kitambaa kinachoning'inia nyuma yangu, ni ukarabati wa nyumba kuukuu ya matofali, iliyoshikamana na za jirani katika safu, ili itumie nishati kidogo iwezekanavyo. Mtasema Kitshanga yetu ya Kivu Kaskazini, Kongo, ni mji wa mbao na mabati, na kwamba safu ya nyumba kuukuu za matofali mtaitafuta kutoka njia ya Sake hadi njia ya Mweso msiipate. Nimewasikia. Lakini kitambaa kimekwisha kuchapwa, na mtaalamu aliyekomaa habadilishi mada kwa sababu ndogo kama kukosekana kwa kitu kinachozungumziwa.

Tuanzie Ulaya, kama adabu ya mihadhara inavyodai. Katika mtaa wa Kranichstein, mjini Darmstadt, Ujerumani, mnamo 1990 na 1991 ilijengwa safu ya nyumba nne zilizoshikamana, na mwanafizikia Wolfgang Feist, mmoja wa waliobuni mpango wake, akahamia humo na familia yake. Kanuni iliyotokana na safu ile leo ni kama amri kumi kwa wajenzi wa dunia ya baridi: nyumba isitumie zaidi ya kilowati-saa 15 kwa mwaka kupasha joto kila mita ya mraba, nayo ikisukumwa hewa kwa shinikizo la paskali 50, isivujishe kwa saa moja zaidi ya sehemu 6 katika kumi za ujazo wake. Nyumba kuukuu inayokarabatiwa katika nchi za baridi za Ulaya ya kati huonewa huruma, ikaruhusiwa kilowati-saa 25. Kwa hiyo mafundi huivalisha nyumba koti nene la kuhifadhi joto, huweka madirisha ya vioo vitatu, huziba kila tundu kwa utepe maalumu, kisha, wakikuta wamewafungia watu ndani bila pumzi, hununua mashine ya kuwaletea hewa. Nyumba ya safu hupendwa zaidi katika shughuli hii, kwa kuwa kuta zake mbili ni za jirani, na jirani anayepasha moto chumba chake hukupasha na wewe bila kukutumia bili. Zile nyumba za safu za Uingereza za karne ya 19, zenye ukuta mzima wa tofali usio na uwazi katikati, huvujisha takriban wati 2 kwa kila mita ya mraba, kwa kila digrii moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Kanuni ya Darmstadt inadai 0.15. Hapo ndipo biashara ya makoti ilipopata riziki yake.

Sasa mizani hiyohiyo tuilete Kitshanga. Ukuta wa mbao yenye unene wa sentimita mbili na nusu, kwa hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa fizikia ataipata, huvujisha wati 3 hivi. Bati tupu lisilo na dari hukaribia 7. Maana yake ukuta wa hapa ni mara 20 ya dhambi inayovumiliwa Darmstadt, na paa ni zaidi ya mara 40. Na hapo sijagusa nyufa. Mkaratusi hupasuliwa mbichi, hupigiliwa mbichi, kisha hukauka ukiwa ukutani na kunywea, mpaka kati ya ubao na ubao pakapita upana wa kidole, na ubao wa pili unaopigiliwa juu ya ufa nao hunywea kwa utiifu uleule. Ingawa Ikweta iko karibu, mji huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku hewa ya vilima vya Masisi huingia bila kubisha hodi. Mpimaji wa Darmstadt akifunga feni yake kwenye mlango wa nyumba kama hii, atatafuta shinikizo lake mpaka betri ya chombo iishe. Mwenzangu mwenye elimu ndogo angeishia hapo na kutangaza janga. Mimi nauliza swali ambalo halikuulizwa: ni joto gani hasa hilo linalovuja? Nyumba isiyopashwa moto haina joto la kupoteza. Bili ya kupasha vyumba Kitshanga ni sifuri, na sifuri, kwa hesabu zote zinazofundishwa duniani, ni chini ya 15. Natangaza basi, kwa mamlaka niliyojipa, kwamba kila nyumba ya mbao ya Kitshanga imeishinda Darmstadt, na kila baba mwenye nyumba anastahili kibao cha shaba mlangoni. Mama aliyelala na wanawe watatu chini ya blanketi moja asijione maskini. Yeye ni kielelezo.

Mkishamaliza kupiga makofi, tuone hitilafu iliyomo katika ushindi huo, kwa kuwa mtaalamu wa kweli hujipinga mwenyewe kabla hajapingwa na watu wa kiwango cha chini. Kutotumia kitu ambacho hukuwa nacho hakuitwi kubana matumizi. Tena nyumba ya Kitshanga haiishi bila nishati. Huitumia mahali pengine. Ulaya, karibu theluthi mbili za nishati yote ya majumbani huenda kupasha vyumba, ndiyo maana wenzetu kule wanahangaika na kuta. Hapa nishati karibu yote huingia chini ya sufuria. Na sufuria yenyewe, jioni nyingi, ina maharage. Kila mita 300 tunazopanda juu ya bahari hupunguza kiwango cha kuchemka maji kwa karibu digrii moja, hivyo hapa maji huchemka kwenye digrii 94 au 95, yakagoma kupanda zaidi hata umwage gunia zima la makala, yaani makaa. Maharage, ambayo hayakusoma fizikia lakini huitii, hudai saa za ziada. Tazameni jikoni: makala yamewashwa mchana, jua linazama, mfuniko bado unacheza, mvuke unatoka upande mmoja na kupotelea kwenye mbao zilizokwisha kuwa nyeusi kwa moshi, na mama anaminya punje kati ya vidole viwili, anatikisa kichwa, anaongeza makala. Vile vipande vya mwisho alivyoongeza havikwenda kuivisha kitu. Vimekwenda kufidia joto lililotoroka kwenye kuta za sufuria.

Tuyafuate makala hayo nyuma hadi mtini. Tanuri la udongo, lile la kufukia magogo na kuyachoma polepole, hutoa kilo moja ya makala kwa kila kilo tano hadi kumi za kuni. Tuchukue kilo saba. Kuni hizo zilikuwa na nguvu karibu mara nne ya zile zilizobaki kwenye kilo moja ya makala. Tatu katika nne zimekuwa moshi kilimani. Makala yakifika kwenye mbabula, lile jiko la bati, sehemu moja katika tano ndiyo huingia kwenye maji. Nyingine hupasha nyayo, ukuta na anga. Zidisheni: katika nguvu mia zilizokuwa mtini, tano hivi ndizo zinazofika kwenye maharage. Hakuna nyumba ya matofali, iwe kuukuu namna gani, iwe Manchester au Baltimore, inayopoteza 95 katika mia kabla mwenyewe hajavua viatu. Na mti wenyewe ama ni mkaratusi uliopandwa na mtu, ama umetoka msitu usiopandwa na mtu. Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, iko upande wetu wa mashariki, na biashara ya makala yake imelisha watu wengi wenye bunduki. Mwaka 2007 mradi wa EcoMakala wa WWF ulianza kuwashawishi wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda miti ya kuchoma, ili ule msitu mwingine upumue. Ni kazi njema, lakini inaongeza maji kwenye pipa lenye tundu, na tundu liko jikoni.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo, nami naomba waandishi wainue kalamu: nyumba ya kwanza inayopaswa kukarabatiwa Kitshanga ni ile inayokaliwa na maharage. Sufuria ina sakafu, ina ukuta, ina paa liitwalo mfuniko, na ndiyo pekee katika boma inayopashwa moto makusudi. Kanuni zote za Darmstadt zinaiangukia kwa ukamilifu ambao Darmstadt yenyewe haikuuwaza. Koti nene: chukueni kikapu kikubwa au sanduku la mbao, kitandikeni majani makavu ya migomba au nyasi kavu, unene usiopungua vidole vinne kila upande na chini, kisha kitambaa kizito juu yake. Kuziba nyufa: tengenezeni mto uliojazwa majani hayohayo, uukalie mfuniko kabisa. Madaraja ya joto, yaani mahali chuma kinapogusa nje na kulivusha joto: hakikisheni sufuria haigusi kikapu popote. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, yachemke kwa nguvu motoni kwa nusu saa, na yasipungue dakika kumi za mchemko wa kweli hata mtu awe na haraka ya harusi, kwa sababu maharage mekundu yasiyochemka vizuri yana sumu inayotapisha. Kisha sufuria iingie kikapuni ingali inabubujika, ifunikwe, iachwe. Makala yanayobaki yazimwe kwa kunyimwa hewa na kuwekwa kwa ajili ya kesho. Joto lililokuwa likienda kupasha mbao za jikoni litabaki kupika. Saa chache baadaye maharage ama yameiva, ama yanahitaji moto kidogo wa kumalizia. Na kwa vyovyote yachemshwe tena kabla ya kuliwa, kwani chakula kilichopoa nusu ni ukumbi wa mikutano wa vijidudu. Anayetaka kupanda daraja na atafute jiko lenye kauri ndani na bati nje, la aina iliyoenea Kenya tangu miaka ya 1980, ambalo hula makala pungufu kwa kiasi cha theluthi moja au zaidi likilinganishwa na mbabula tupu. Jiko hilo na kikapu hicho, kwa pamoja, ndivyo nilivyovitambua rasmi kuwa Ukarabati wa Daraja la Kwanza.

Naona mkono umeinuliwa nyuma. Anasema: mtaalamu, maharage yako yamelala pazuri, na watoto wetu je? Usiku wanakohoa kwa baridi, na wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nawaheshimu wahenga, ila hawakulala chumba kimoja na mbabula. Katika nyumba ya mbao mvua inaponyesha, moto huingizwa ndani, na mara nyingi ni nyufa zile tunazozitukana zinazowaamsha watu asubuhi wakiwa hai. Makala yakiungua kwenye hewa haba hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo humchukua mtu usingizini bila kumkohoza. Zibeni nyufa zote leo kwa ustadi wa Kijerumani, acheni mbabula ndani, na kesho nyumbakumi ataandika majina. Moshi nao unaua polepole: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, itokanayo hasa na kupikia kuni, makala na mafuta ya taa, iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Ndiyo maana katika elimu yangu mpangilio ndio sheria: kwanza moto utoke chumba cha kulala, uende jikoni penye tundu la juu la kutolea moshi, pili dari, tatu ndipo ufa. Wahenga wanasamehewa.

Kuhusu dari, nitakuwa mkarimu wa takwimu. Bati tupu usiku hupoa kuliko hata hewa iliyo nje, kwa sababu linatazama anga wazi. Pumzi za waliolala hupanda, hugusa bati, hugeuka matone, na alfajiri yale matone humdondokea mtu kwenye paji la uso. Wengi hudhani paa linavuja. Ni wao wenyewe wanaovuja. Dari ya mikeka, au ya magunia yaliyoshonwa na kutandazwa kwenye fito, ikiacha nafasi ya hewa kati yake na bati, hupunguza upotevu ule hadi nusu au chini yake, na mvua nayo haitawazuia tena kusikilizana. Mtu aliyelala hutoa joto la karibu wati 70. Watu saba ni wati 490. Kanuni ya Darmstadt inasema nyumba iliyobanwa vizuri inatosheka na wati 10 kwa kila mita ya mraba, hata katikati ya baridi ya Ujerumani. Nyumba ya mita 25 za mraba ingetosheka na 250. Mnaona? Familia ya Kitshanga ni mtambo wa joto wenye nguvu maradufu ya unaohitajika, na kosa lake pekee ni kwamba unapasha mbingu. Baada ya dari, kandikeni upande wa ndani wa mbao kwa udongo uliochanganywa na nyasi iliyokatwa, hadi usawa wa bega la mtu aliyekaa, pale mnapolala. Juu kabisa acheni upenyo. Mashine ya kuingiza hewa tumeshaipata, haina betri, na fundi wake ni upepo.

Mkono wa pili ni wa kijana aliyevaa koti la suti. Swali lake lina majivuno na kwa hiyo nalipenda. Anauliza kwa nini tusiachane na mbao tukajenga matofali ya kuchoma, kama watu walioendelea. Jibu la fizikia ni fupi: tofali tupu huvujisha wati 2 badala ya 3, nafuu isiyomfanya mtu avue koti, na kabla halijapanda ukutani limekula kuni tanurini. Jibu la pili si la fizikia, ni la kalenda. Koti la ukuta mzima wa tofali huko Ulaya hurudisha gharama yake kwa makumi ya miaka, tuseme 25. Hesabu yote ya ukarabati inasimama juu ya nguzo ambayo vitabu vya Ujerumani havikuiandika kwa kuwa havikuihitaji: kwamba aliyelipa leo atakuwa ndani ya nyumba hiyohiyo miaka 25 ijayo. Sasa fungueni kalenda ya eneo letu la Masisi. Mwaka 1993 vita vya kikabila vilienea humu vikitokea Walikale. Mwaka 1996 vikaja vya nchi nzima. Kati ya 2006 na 2009 Kitshanga ikawa ngome ya waasi wa CNDP. Mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi 2013, jeshi na wanamgambo wa APCLS walipopigana katikati ya mji, mamia ya nyumba yaliteketea. Tarehe 26 Januari 2023 waasi wa M23 wakaingia, na Oktoba ya mwaka huohuo mji ukagombaniwa tena. Tafuteni humo miaka 25 iliyoshikana. Mkiipata nitalipia matofali.

Kutokana na ushahidi huo nimeunda kanuni ambayo vizazi vijavyo vitaiita kwa jina langu, ila kwa sasa iitwe Kanuni ya Kichwa: kifaa cha kubana nishati Kitshanga kinafaa ikiwa kinarudisha gharama yake kabla ya kukimbia kunakofuata, au kinabebeka kichwani siku ya kukimbia. Jiko la kauri linafaulu kwa njia zote mbili. Kikapu kinafaulu, tena njiani kinabeba sufuria, bugali na mtoto mchanga kwa zamu. Dari ya magunia hukunjwa. Bati hung'olewa, ubao hung'olewa, misumari hunyooshwa juu ya jiwe, na nyumba yenyewe inaweza kupandishwa kwenye chukudu ikasimama pengine, jambo ambalo hakuna mkazi wa Manchester aliyewahi kulifanya na nyumba yake ya safu. Tofali linafeli mara mbili. Msiidharau mbao basi kwa kusema ni ujenzi wa watu wasiojua. Aliyechagua ubao amepiga hesabu ya hatari kwa usahihi ambao makampuni ya bima yangeuonea wivu, na hakulipwa ada ya ushauri.

Swali la tatu limetoka kwa mpangaji, nalo ndilo linalowauma wataalamu wa dunia nzima. Nikiweka dari, anasema, mwenye nyumba atasema nyumba imependeza, atapandisha kodi. Huu ndio ugomvi wa Berlin na wa London pia: anayelipia ukarabati ni mmoja, anayefaidi joto ni mwingine, na kila mmoja humngoja mwenzake mpaka wote wapate mafua. Hapa umeongezewa ghorofa, kwa kuwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilitamka kuwa ardhi ni mali ya Dola, desturi inasema iko chini ya Mwami, na mwenye shamba kubwa la ng'ombe anazo karatasi zake; aliyehamishwa na vita na kujengewa kibanda cha shitingi kambini hana hata moja ya hizo. Ukimwambia mtu huyo aivalishe nyumba koti, umemwambia amvalishe koti mtu asiyemjua. Kikapu na jiko havina mgogoro wa ardhi. Ndiyo sababu nyingine ya kuanzia kwenye sufuria: ni nyumba pekee Kitshanga ambayo mwenyewe anajulikana bila shahidi.

Swali la mwisho limeulizwa kwa hasira, na halikuniita mtaalamu. Limesema: unatufundisha kukimbia vizuri. Unatuletea kikapu, wakati wenzetu wanaletewa umeme. Hapa nitaweka majivuno chini kidogo, nisiyaweke mbali. Ni kweli kwamba nchi hii ina maporomoko ya Inga, yanayokadiriwa kuweza kutoa zaidi ya megawati 40,000, na ambayo mitambo yake ya kwanza ilianza kazi mwaka 1972. Ni kweli kwamba hapa Kivu Kaskazini mito ya Virunga imekwisha kuthibitisha inachoweza, kwa mitambo ya umeme ya Mutwanga tangu 2013 na Matebe karibu na Rutshuru tangu Desemba 2015, yenye megawati 13 na ushei. Umeme ukifika kila jiko, utaokoa msitu kuliko vikapu vyote vitakavyosukwa. Lakini siku huo umeme ukifika, utakuja na mita, na sufuria isiyo na koti itakula uniti kama ilivyokula makala. Kikapu hakishindani na umeme. Kinaungoja kikiwa kazini. Ama kuhusu kukimbia, sijasema ni hali ya kuzoewa. Nimesema tu kwamba anayempimia mtu wa Kitshanga uzembe kwa kuwa hajajenga ukuta wa sentimita 40 anapima ukuta na kusahau miaka. Mtu hakarabati kwa ajili ya usiku mmoja. Mpe uhakika wa mwaka, ataweka dari. Mpe mitano, atakandika kuta zote na kujenga jiko la kudumu lenye bomba. Mpe 25, hatakuhitaji wewe wala mimi.

Hukumu yangu ni hii, na ikiandikwa kwenye ripoti isipunguzwe hata nukta. Usiku wa leo kila nyumba iloweke maharage yake. Kesho mbabula itoke chumba cha kulala, hata mvua ikinyesha. Salongo ya Jumamosi, ile kazi yetu ya pamoja, ishone magunia ya dari, ikianza na nyumba zenye watoto wachanga na wazee. Wafadhili wanaotaka kusaidia wanunue majiko ya kauri kwa fedha za kitambaa kinachofuata. Na ninyi mnaogombania vilima hivi, mlioko humu ukumbini kwa nguo za kiraia na mlioko nje kwa nguo nyingine, tunaomba kifaa kimoja tu ambacho hatuwezi kukisuka kwa majani ya migomba: ipeni Kitshanga miaka 25 ambayo hakuna atakayeng'oa bati usiku. Matofali tutafyatua wenyewe.